Wagonjwa wa kansa wasifiche manyasi (dawa za miti shamba), na madaktari wasiwagombeze

Mhariri,

Huku Kisumu ukipita soko la Kibuye siku ya Jumapili utakuta watu wanauza magome na unga wa mizizi, na maneno ni yale yale, hii inamaliza kansa, achana na kemo. Hiyo ya kuacha kemo, yaani dawa za hospitali za kuua seli za kansa, ni hatari sana na naomba watu wasiisikize, lakini pia siungani na wale wanasema miti shamba ni uchafu tu. Vinkristini, dawa ya kemo ambayo watoto wenye limfoma ya Burkitt (kansa ya tezi) wanadungwa, ilitoka kwa lile ua la pinki la petali tano tunapanda mbele ya nyumba, asili yake Madagaska, na paklitaxeli ya kansa ya matiti ilitoka kwa gome la mti wa huko Marekani, ikapitishwa huko 1992 kwanza kwa kansa ya ovari.

Shida ni kwamba kansa nyingine huzoea dawa ikawa sugu. Seli yake inaongeza pampu inaitwa P-glaikoprotini, iligunduliwa 1976, na dawa ikiingia inatemwa nje kama mtu anamwaga maji kutoka kwa mtumbwi unaovuja, hata hizo vinkristini na paklitaxeli zinatemwa. Ndio maana watafiti, wengine wako Kamerun, wanajaribu dondoo za mimea kwa seli sugu, na kurkumini, kemikali iliyo ndani ya ile bizari ya manjano, imeonekana maabara kuzuia hiyo pampu. Lakini hizo ni seli kwa kisahani, mama aliyelala wodini ni kitu kingine kabisa, na pampu hiyo hiyo iko kwa utumbo na ini ikilinda mwili, ukiifunga ovyo dawa inaweza kujaa kwa damu ikawa sumu. Mmea mwingine hufanya kinyume, St John's wort ilipimwa kwa wagonjwa ikapatikana inapunguza nguvu ya irinotekani, dawa nyingine ya kemo.

Shangazi yangu akiwa kwa kemo alikuwa anakunywa manyasi, maji ya kahawia kwa chupa ya soda, anaifunga na leso ndani ya mkoba kabla aingie kliniki, kwa sababu kuna siku alisema ukweli akagombezwa mbele ya watu. Hakusema tena, na daktari akabaki anasoma matokeo ya damu bila kujua nusu ya mambo.

Madaktari na manesi, tafadhali ulizeni kila mgonjwa kabla ya dripu anakunywa nini nyumbani, kwa upole, kwa Kiluo ama Kiluhya ikibidi, na muandike kwa faili. Mgonjwa naye abebe hiyo chupa aiweke mezani. Na nyinyi wa gazeti, mkichapisha habari ya mmea ulioua kansa, andikeni hapo juu kabisa kama ilikuwa ni seli, panya ama watu.

Msomaji wenu,
Kisumu