Makumbusho zifunguliwe na jioni

Mhariri, nimesoma habari yenu ya makumbusho moja huko nje kufungua jioni bure kabisa, watu wakaona sanaa na ngoma za Asia, nikajiuliza sisi Arusha tunashindwa nini. Tuna Makumbusho ya Azimio la Arusha, tuna lile Boma la Mjerumani ambalo nalo ni makumbusho, ila mtu anayefunga duka saa kumi na mbili atayaona lini?

Na wachezaji tunao hapahapa, majirani zetu wenye asili ya Gujarat wanacheza ngoma yao ya garba kila sikukuu ya Kihindu ya Navaratri na wengi wetu hatujawahi kuiona, wakati tabla, ile ngoma ya Kihindi ya kupigwa kwa mikono, tunaisikia kwenye taarabu na sambusa tunakula kila siku jamani. Naomba wahusika wajaribu hata Ijumaa moja kwa mwezi, kiingilio bure, iishe saa tatu tuwahi daladala, na watangaze mapema redioni.

Msomaji, Ngarenaro, Arusha