Usimvue Baraka kofia

Moshi, Jumapili usiku

Mama Baraka, shoga yangu,

Habari za huko? Sisi wazima. Najua nimekaa kimya tangu tumzike Babu, utanisema tukionana. Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu ungenikatiza.

Eti umeacha kumpaka Baraka losheni ya jua, mtoto mwenye ualbino, kwa sababu papai na embe "zinakinga jua kutoka ndani"? Nani kakwambia, yule kijana wa juisi pale stendi? Mwenzangu, yule anauza juisi!

Matunda mpe, tena mengi. Mpe na mapera, yana vitamini C kulishinda chungwa. Hata nyanya, ila iliyopikwa kwa mafuta. Ujerumani waliwahi kulisha watu nyanya ya kopo gramu 40 kila siku, wiki 10 nzima, ndipo ngozi zao zikapunguza kidogo kuwa nyekundu juani. Kidogo! Na wale melanini, ile rangi ya ngozi inayokinga jua, wanayo. Baraka kazaliwa bila hiyo, na papai halimletei, hata ale shamba zima. Saa tano akiwa uwanjani anacheza, embe la jana litamfanyia nini?

Halafu hiyo ndimu ya kumsugulia usoni, nakuomba, koma kabisa. Unakumbuka harusi ya Rehema? Nilikamua ndimu za achari nje, jua la saa saba, sikunawa. Kesho yake malengelenge. Yalipokauka ikabaki michirizi ya kahawia toka kiganjani hadi kiwikoni, pale pale maji ya ndimu yalipopita. Miezi! Mume wangu akawa ananiita pundamilia. Na mimi ngozi yangu nyeusi hii, sembuse mwanao.

Hapa hospitali ya KCMC wanatengeneza Kilisun, losheni ya watu wenye ualbino hasa. Jumanne nitapita niulize kliniki ipi ya huko kwenu wanaipeleka. Ila losheni peke yake nayo... kofia pana, mikono mirefu, kivuli. Na mapapai yako juu yake, sawa, sikunyimi.

Sasa nijibu: kile kidonda cha sikioni kimepona, au bado kinatoa magamba? Daktari wa ngozi kakiona? Kofia niliyomletea inamtosha bado? Mwalimu anamwacha aivae mstarini, au ndiyo yale yale ya "sare ni sare"? Kichwa kina sentimita ngapi? Pima leo, fundi yuko hapa jirani.

Wako,
Mama Neema