Mama mkwe ameniomba nisimwambie mwanawe

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia usiku, watoto wamelala na mume wangu yuko njiani na lori. Naomba uvumilie urefu wa barua, maana jambo lenyewe ukilisikia juu juu utadhani ni la likizo tu.

Tunaishi Phoenix, Arizona, huu mwaka wa tisa. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu, mimi nahudumia wazee. Mwezi wa sita mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Bukoba, mara yake ya kwanza kupanda ndege, na atarudi nyumbani mwezi wa kumi na moja. Mwanzoni mwa Oktoba shule za watoto wetu zinafungwa kwa mapumziko, na mume wangu akaona hiyo ndiyo nafasi ya kumtoa mama yake, akaone kitu cha kusimulia huko kwao. Amechagua Lake Powell.

Ni ziwa la kutengenezwa, katikati ya jangwa, mpakani mwa Arizona na Utah. Mto Colorado ulizibwa kwa ukuta mkubwa pale Glen Canyon, maji yakaanza kupanda mwaka 1963 na hayakufika juu kabisa mpaka 1980. Kwa kuwa yalijaa ndani ya korongo, ziwa halina umbo la ziwa tunalolijua sisi. Ni refu, jembamba, lina matawi kila upande, na kuta za mawe mekundu zimesimama wima kutoka kwenye maji. Watu hukodi boti ambayo ni nyumba kamili, ina vyumba, jiko, friji na choo, wanakwenda nayo siku kadhaa na usiku wanaifunga kwenye kijifukwe chenye mchanga. Hupewi nahodha. Wanakuelekeza muda mfupi, wanakukabidhi ufunguo, unaondoka. Mume wangu nilipomuuliza kama ataiweza alicheka: “Navuta tela la futi 53 kila siku, nyumba ya kuelea ndiyo initishe?”

Tunakwenda familia tatu, watu kumi na wawili, usiku nne. Kila familia inachangia dola 2,000 za boti, bado mafuta na chakula. Kianzio tumeshalipa, na mkataba unasema hakirudi. Mweka hazina wa safari ni mimi, kumbuka hilo.

Sasa nikiri kosa langu mapema. Tangu mwanzo safari hii sikuitaka. Mimi ni mtu wa Dodoma, maji mengi niliyoyazoea utotoni ni ya ndoo. Nilipendekeza twende Canyon Lake, ziwa dogo la korongoni lililo mwendo wa saa moja hivi kutoka hapa. Nalo ni la bwawa, la mwaka 1925. Mnakwenda asubuhi na nyama yenu ya kuchoma, bibi anakaa kivulini, watoto wanachezea maji ukingoni, jioni kila mtu analala kitandani kwake. Mume wangu akasema nina roho ya kubana hela. Nikahamia kwenye usalama. Nikamsomea habari za moshi wa jenereta za hizo boti, ule usio na rangi wala harufu, unavyojikusanya nyuma mahali watu wanapoogelea. Mwaka 2000 ulisababisha watoto wawili wa tumbo moja kufa kwenye ziwa hilohilo. Tukabishana wiki nzima.

Na nimtendee haki, hakupuuza. Alinunua ving'ora vya kutambua hewa hiyo, akaweka sheria kwamba hakuna kuogelea nyuma ya boti jenereta ikiwaka. Watoto wote wa chini ya miaka 13 wameshapimiwa jaketi za kuokolea, maana boti ikiwa kwenye mwendo hawaruhusiwi kukaa bila hizo. Oktoba aliichagua makusudi, kwa kuwa radi na mafuriko ya ghafla ya kwenye makorongo huja zaidi kuanzia Julai hadi Septemba. Hata mambo ya saa ameyawaza: Arizona haibadilishi saa, Utah na nchi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa huku, wanabadilisha, kwa hiyo mwezi huo ukivuka mpaka simu inaruka saa moja mbele. Ongeza na bibi anayehesabu saa kwa Kiswahili, tutakuwa na saa tatu kwenye boti moja. Tulicheka sana siku hiyo. Nikaona basi, nimeshindwa, twende.

Jumamosi mbili zilizopita aliwasha video za ziwa kwenye televisheni ili mama yake aone anakopelekwa. Mama alikuwa ametulia na kahawa yake ya kutafuna, kama kawaida yake. Akaona ule ukanda mweupe kwenye mawe juu ya maji, akasema, “Haya maji yamepungua sana.” Kweli, ule ni mpaka wa zamani wa maji. Kisha akauliza kina chake. Mume wangu akajibu kwa fahari kwamba kule kwenye ukuta, likijaa, linapita mita 150, karibu mara mbili ya Ziwa Victoria. Mama akasema, “Haya, baba,” akainuka kwenda kulala. Ilikuwa saa moja na nusu ya jioni.

Nilimfuata na chai. Nilimkuta ameketi kitandani, mikono imeshika goti, anatetemeka. Ndipo aliponieleza. Tarehe 20 Mei 1996 alimsindikiza mdogo wake bandarini Bukoba. Mdogo wake alitaka kwenda Mwanza kwa barabara, ila alikuwa na mzigo wa ndizi, na mama ndiye aliyemwambia barabara itamchosha, apande meli. Ilikuwa MV Bukoba. Asubuhi yake ikapinduka ikiwa imekaribia kufika. Hawakupata mwili. Pale Igoma walikozikwa wengi amekwenda mara moja tu, akasimama, hajui asimame mbele ya kaburi lipi. Tangu hapo hajapanda hata mtumbwi. Mume wangu alikuwa na miaka saba. Anajua mama yake mdogo alifia melini, hilo kila mtu kwao analijua. Asichojua ni nani alimwambia apande. Na zile safari zote za basi kwenda Mwanza, anaamini mama yake anapenda kuangalia vijiji.

Nikamwambia, “Mama, basi huendi, namwambia leo hii.” Akanishika mkono kwa nguvu nisizozitegemea. Akasema: “Usimwambie. Huyu mtoto amejinyima kwa ajili yangu. Nitapanda, nitafumba macho, siku nne zitapita.” Akaniapisha. Nami, Shangazi, nikaapa.

Hapo ndipo niliponaswa. Nikikaa kimya, nampeleka mama wa watu mahali pa hofu yake kubwa kuliko zote, na sijui kama moyo wake utahimili. Ana miaka 68 na anameza dawa za presha. Nikisema, nimevunja kiapo, na nimemfunulia mume wangu siri ambayo mama yake ameificha karibu miaka thelathini, tena siri ya kujilaumu. Na je, ataniamini? Mimi ndiye niliyepinga kwa sababu ya hela, nikapinga kwa sababu ya moshi, leo nije na sababu ya tatu ambayo ni mama yake? Naisikia kabisa sauti yake: “Sasa umeanza kumtumia na Mama.” Na kuna usiku najiuliza mwenyewe kama hakuna kapembe ka moyo wangu kalikofurahi kupata sababu. Hilo linanitia aibu kuliko yote.

Nimewaza njia ya kati. Mimi na mama tubaki mjini Page, karibu na ukuta wa bwawa, tupange chumba, wengine waende na boti. Huko kuna Horseshoe Bend, unaangalia mto ukijikunja chini kabisa, huhitaji kupanda chochote. Kuna pia Antelope Canyon, korongo jembamba la Wanavajo ambalo ni lazima uingie na kiongozi wao, ingawa ngazi zake nyingine ni kali kwa magoti ya mama. Ningesema nimepata udhuru fulani, nahitaji mtu wa kukaa nami. Lakini ni uongo, na roho ya safari yote ni Rainbow Bridge. Ni daraja la mwamba la asili, jina lake maana yake daraja la upinde wa mvua, mita 88 kwenda juu, Wanavajo wanalitukuza na wageni huombwa wasipite chini yake. Mume wangu amelipania kwa sababu mama yake ni mzee wa kanisa, na wimbo anaoupenda ni wa upinde wa Nuhu. Kutoka bandari ya Wahweap ni kilomita 80 hivi kwa maji. Njia ya nchi kavu ipo, ila ni ya kutembea kwa miguu jangwani, kwa kibali, si ya mtu wa umri wake. Yaani zawadi yenyewe iko mwisho wa maji. (Nuhu naye alipanda boti ndipo akauona upinde, najua, usinikumbushe.)

Malipo ya mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo. Familia zile mbili zimeshanitumia hela zao, na kwenye kundi letu la WhatsApp watoto wanahesabu siku.

Naomba unishauri, Shangazi. Kiapo cha namna hii kinafungaje? Nimrudie mama nimbembeleze aseme mwenyewe, hata kama atakataa mara ya pili na ya tatu? Au niseme na mume wangu nusu tu, kwamba mama anaogopa maji, nikaacha habari ya bandarini ibaki ya mama mwenyewe? Na kama ni kusema, nianzeje ili asidhani naendeleza ugomvi wetu wa zamani? Tafadhali nijibu kabla ya Ijumaa hiyo.

Ni mimi mkamwana,
Phoenix

Nilikuwa nimeshamaliza barua mama akatoka chumbani kunywa maji. Ameniuliza kama milango ya hiyo boti inafunguka kwa ndani au kwa nje.