Kitabu cha wageni gesti kiongezwe safu moja

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na wenye gesti, pamoja na wanaowakagua, juu ya kile kitabu kikubwa cha wageni kinachokaa mapokezi.

Mimi ni karani wa mizani. Kila Oktoba napanda basi la alfajiri Songea, napita Namtumbo, Tunduru na Mangaka hadi Masasi, kupima korosho ghalani mpaka msimu uishe. Ni kibarua cha miezi miwili, mitatu ikiwa mikorosho imezaa vizuri. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007, korosho ya mkulima inapita chama cha msingi cha ushirika, inafika ghala kuu, inapimwa, ndipo inakwenda mnadani. Anayeinunua kienyeji shambani ni wa kangomba, huyo tumwachie polisi. Basi mji unajaa watu wa msimu: makarani, madereva wa malori, wapakiaji, mawakala wa wanunuzi. Novemba wanaongezeka walimu wa kusimamia mtihani wa kidato cha nne. Wengi wetu tunalala gesti.

Ninakofikia kuna vyumba 11, sh 15,000 kwa usiku, nami kwa ukaaji wangu nashushiwa hadi 10,000. Kuoga ni kwa ndoo. Umeme ukikatika feni zinalala, tunahamia kwenye benchi la nje, na hapo ndipo watu wanapojuana. Dereva wa lori anamenya embe, mwalimu anasimulia wanafunzi wake, mama wa ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuliwa, anapita na beseni kichwani. Mwanamke anayelala gesti peke yake hutazamwa sana, nanyi mnajua. Wiki ya kwanza dada wa mapokezi aliniuliza mara mbili kama kuna mtu namngoja. Nikamwambia namngoja mhasibu alete posho. Tangu siku hiyo tunapatana.

Jirani yangu wa chumba namba 7 nilimjulia kitabuni. Kitabu kinataka jina, kabila, kazi, utokako, uendako, tarehe na sahihi. Nikijaza mstari wangu nikasoma wa juu yake: Mhehe, fundi mizani, Iringa. Mimi ni Mngoni. Babu zetu walipigana vita vikali wakaishia kuwaachia wajukuu utani. Wahehe hutaniwa kuwa wanakula mbwa, basi jioni alipotoka kuoga nikamwuliza huko Iringa ameacha mbwa wangapi hai. Akasema, "Wamebaki wawili, nawatunza kwa ajili ya msiba wako."

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi ananigongea ukuta twende supu, kila jioni ananitukana ukoo mzima mbele ya walimu. Jina lake sikulijua wala sikuliuliza. Mtani ana jina gani jingine?

Jumanne moja ukuta haukugongwa. Nikadhani amewahi ghala la mbali, nikaenda zangu kazini. Jioni dada wa mapokezi akasema hajamwona akitoka. Tukafungua kwa ufunguo wa akiba. Alikuwa anatetemeka kitandani, anaongea Kihehe na mtu asiyekuwepo. Mimi na dereva tukampakia kwenye bajaji. Hospitalini wakasema malaria imempanda kichwani.

Muuguzi akashika kalamu. "Jina la mgonjwa?" Nikamtazama dereva, dereva akanitazama mimi. "Na wewe ni nani wake?" Nikasema mtani wake. Akaandika "jirani".

Tukakirudia kitabu. Kwenye jina alikuwa ameandika "Fundi", basi. Simu yake ina nywila. Kitabu kilijua kabila lake, kazi yake, alikotoka na anakokwenda, ila mtu wa kumpigia hakikumjua. Dereva akasema tuiweke simu chaji, tungoje ilie. Ikakaa mapokezi usiku kucha na kesho yake mchana kutwa. Ililia mara moja, mtu kakosea namba. Saa tatu usiku ikalia tena, na kwenye kioo: Mama Watoto.

Sijawahi kuogopa simu namna ile. Mwanamke, usiku, yuko gesti, anapokea simu ya mume wa mtu! Kabla hajafungua kinywa nikasema, "Wifi, usikate, mimi Mngoni, mtani wa mumeo, na mumeo yuko hospitali." Kimya. Kisha akauliza taratibu, "Yule wa mbwa?" Kumbe alishasimuliwa. Kesho yake alipanda basi Iringa, akafika siku ya pili, na alimkuta mumewe anakunywa uji mwenyewe.

Ninachoomba ni safu moja tu katika kitabu: namba ya simu ya ndugu. Kwenye kabila sina ugomvi, limenipa mtani. Najua wenye gesti watasema wateja wa saa mbili watakimbia, wale wanaoandika John na Asha kila Jumamosi kwa mwandiko uleule. Hao waruke, hakuna atakayewauliza. Lakini sisi tunaolala miezi, tunaougua na kupona nyuma ya mlango uliofungwa kwa ndani, tuulizwe. Halmashauri ndiyo inayotoa leseni, na nimeona askari wakija kukagua kitabu kilekile ukurasa kwa ukurasa. Wakiagiza, itatekelezwa kwa rula na kalamu.

Dada wa mapokezi wetu hakungoja agizo. Amechora mstari mwekundu ukingoni mwa ukurasa, safu nyembamba mpaka namba inakatwa vipande viwili. Mtani aliporuhusiwa kurudi alikuwa wa kwanza kuijaza. Ameandika namba ya mkewe, chini yake ameandika yangu, na mbele ya yangu, kwa herufi kubwa: MATEKA.

Karani wa mizani,
Songea