Barua kwa shangazi: ule ukili wa msumarini usiutoe

Shangazi yangu,

Shikamoo. Juzi kwenye simu uliniambia macho yameanza kukusumbua, umeacha kusuka mikeka, na ukindu uliobaki umempa jirani awashie moto. Nikanyamaza, ukadhani simu imekatika. Haikukatika. Nilikosa la kusema. Nimekaa nalo wiki nzima, na kwa kuwa najua wako wengi wenye shangazi kama wewe, nimeona nikuandikie hapa hapa, mbele za watu.

Sijakuambia kwamba huku Norway najifunza kufuma mishipi kwa vibao. Wenyewe huviita brikker. Kibao ni kipande cha mraba, hakizidi kiganja cha mtoto, kina matundu manne, moja kila pembe. Zamani vilichongwa kwa mti au mfupa. Vyangu nimevikata kwenye karata za kuchezea. Kila tundu linapita uzi mmoja. Nilianza na vibao 12, yaani nyuzi 48, na kuzitia tu kulinimalizia jioni mbili.

Wewe ungeshika haraka kuliko mimi. Ncha moja ya mtande, yaani zile nyuzi za urefu, naifunga kwenye mguu wa meza, nyingine kwenye mkanda wangu kiunoni, kisha najivuta nyuma mpaka nyuzi zikaze. Ni kazi ileile ya dole gumba la mguu wako unapoubana ukili, ule utepe wa ukindu unaoshonwa ukawa mkeka. Vibao vinasimama mkononi vimebanana kama kurasa za daftari. Nikivizungusha vyote robo mzunguko, nusu ya nyuzi zilizokuwa chini zinapanda, nusu ya za juu zinashuka, na katikati panafunguka mwanya. Napitisha mshindio, yaani uzi wa kukatiza, naugonga kwa rula, nazungusha tena. Hakuna kitanda cha mfumi wala mashine. Kila kibao kinazisokota nyuzi zake nne zikawa kamba, na mshindio unazifunga kamba hizo ubavu kwa ubavu. Ndiyo maana mshipi wake ni imara.

Uhondo wote uko kwenye kutia uzi. Ukiupitisha tunduni kutoka kushoto, kamba inalala upande huu. Ukiupitisha kutoka kulia, inalala upande ule. Weka pamoja vibao viwili vilivyotiwa kinyume, rangi zitakutana katikati kama ncha ya mshale. Basi mimi kibao cha saba nilikitia kinyume, na sikuona mpaka nilipofuma shibiri nzima: mishale inashuka vizuri, halafu upande mmoja mstari umelalia kwingine. Nikafumua yote. Nikiwa nafumua nikakukumbuka. Nilipokuwa na miaka tisa ulikuwa ukirudi shamba unachukua ukili wangu, unautazama mara moja, unaufumua, nami nalia nikidhani hunipendi. Kumbe ulikuwa umeiona chane moja ya ukindu iliyopita juu badala ya chini, kule mwanzo kabisa.

Halafu kuna msokoto. Kadiri unavyozungusha mbele, nyuzi zinajisokota nyuma ya vibao pia, mpaka vinakuwa vigumu kugeuka. Hapo unaanza kuzungusha kurudi nyuma. Msokoto unafunguka, na mishale nayo inageuka ikatazama ilikotoka. Pale pa kugeukia huwa napapenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya mshipi.

Lakini sikukuandikia kwa ajili ya mishale. Mwaka 1904, kwenye shamba la Oseberg karibu na mji wa Tønsberg, walichimbua tuta wakakuta chombo kizima cha bahari. Ndani yake walikuwa wamezikwa wanawake wawili, mwaka 834: mmoja mtu mzima sana, mwingine wa makamo. Walizikwa na gari la kukokotwa, vitanda, vyombo vya jikoni, na vibao 52 vya kufumia, nyuzi zingali tunduni, mshipi haujaisha. Wataalamu wamehesabu matundu na kuzichunguza nyuzi. Ila aliyekuwa anafuma hawawezi kumuuliza kitu. Mshipi ule ulikuwa wa nani? Nakshi yake aliiitaje? Hata ufundi wenyewe, sehemu nyingi za Ulaya watu walikuwa wamekwisha kuusahau. Mwaka 1901 Mjerumani mmoja, Margarethe Lehmann-Filhés, ndiye aliyechapisha kitabu Berlin cha kuueleza upya, akifuata habari alizozipata kutoka Iceland.

Shangazi, mimi sitaki siku moja wewe uje uchimbuliwe. Wewe upo, na mikindu bado inaota palepale bondeni.

Ule ukili wenye meno ulioshonea kingo za mkeka wa harusi ya dada, unaitwaje? Jina lake nimelisikia utoto wangu wote na nimelisahau. Nimelitafuta kichwani usiku wa leo mpaka nikachoka. Na usiniambie macho. Umeme ulipokuwa ukikatika pale Pemba ulikuwa unaendelea kusuka gizani, huku unaongea na wageni, wala hukukosea hata chane moja.

Desemba nakuja, inshallah. Ule ukili ulioachia njiani, ulioviringwa na kutundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, usiutoe na usimpe mtu. Ukindu nitanunua mwenyewe, nitauchana na kuuloweka usiku, asubuhi tukae barazani uendelee pale ulipoishia, mimi nitazame vidole. Nitakuletea na mshipi wangu, ule wenye kosa jingine, la kibao cha tano, ambalo nimeliona juzi nikiwa nimeshamaliza.

Na jina la ule ukili likikujia kabla sijafika, mwambie yeyote mwenye simu hapo nyumbani akurekodi unavyolitamka, anitumie siku hiyohiyo.

Wasalaam,
Mtoto wa kaka yako