Kwa Elia, kuhusu mizabibu ya Mzee

Kampala, Jumapili jioni

Ndugu yangu Elia,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mama watoto anakusalimu, mvua huku haikatiki. Najua nimekaa kimya mno, lakini juzi Samweli alinipigia akaniambia mmekubaliana kung'oa mizabibu ya Mpunguzi, huko Dodoma, mpande alizeti. Usingizi umenikataa tangu siku hiyo. Tafadhali, kabla hamjashika majembe, nisome mpaka mwisho.

Hasara yenu naijua. Zabibu zikiiva hazimsubiri mnunuzi, naye anajua, ndiyo maana anakuja amechelewa na bei yake mfukoni. Hilo sibishani nalo. Ninachouliza ni kwa nini zote lazima ziuzwe wiki ileile.

Mwezi uliopita mgeni mmoja Mwitalia alikuja hapa kazini Kololo na chupa yake, mvinyo mwekundu wa familia ya Emidio Pepe, wa Torano Nuovo kule Abruzzo. Akatuonjesha wahudumu wote. Elia, mvinyo ule unamzidi umri kifungua mimba wangu! Ukiinamisha glasi, ukingoni rangi imekuwa ya tofali, katikati bado nyekundu nzito. Ukali umelainika lakini haujafa. Kilichobaki chupani nilikionja kesho yake jioni, kikawa kitamu zaidi.

Nilimuuliza maswali mpaka akavuta kiti. Mzee Pepe alianza mwaka 1964, wakati mvinyo wa kwao ulikuwa wa bei rahisi, unanywewa ungali mchanga. Yeye akawa anatenga chupa nyingi za kila mavuno, anaziacha zikae. Zabibu zao, Montepulciano, zina tanini nyingi kwenye maganda, ile inayokausha ulimi. Hiyo pamoja na uchachu ndiyo inayoulinda mvinyo miaka yote. Vikonyo wanavitoa kwa mikono. Hawatumii mapipa ya mbao, wana matangi ya saruji yaliyotandikwa kioo ndani, halafu chupa zinalazwa gizani. Zile za zamani, kabla ya kuuzwa, zinafunguliwa moja moja, mvinyo unamiminwa polepole kwenye chupa safi ili mashapo yabaki, kisha zinazibwa upya. Leo mabinti na mjukuu wake ndio wanaoendesha.

Na shamba lenyewe! Wanalima kwa njia iliyotokana na mihadhara ya mwaka 1924 ya Rudolf Steiner, mwanafalsafa mmoja wa Austria. Samadi ya ng'ombe inajazwa kwenye pembe ya ng'ombe jike, inafukiwa ardhini majira ya baridi, ikifukuliwa, kiasi kidogo chake kinakorogwa kwenye maji kwa saa nzima, ndipo kinanyunyizwa shambani. Mambo yao ya kupanga kazi za shamba kwa kufuata mwezi na nyota sijayaamini yote, nakwambia kweli, ila udongo unaolishwa samadi naujua, nimekulia Mbarara. Pembe za ng'ombe wa Ankole huku tunazichonga kuwa vifungo na vikombe. Ukizitaka nakutumia kwa basi.

Tena mizabibu yao imetambaa juu ya chanja, majani yanazikinga zabibu na jua. Si ndicho Mzee alichokuwa akikisema kila tulipokaa naye pale barazani? Ninyi mnavuna mara mbili kwa mwaka, jua la Dodoma mnalijua. Alizeti mtaipanda mwaka wowote, lakini mzabibu wenye mizizi mirefu namna ile, ukishang'olewa...

Siombi shamba zima. Acheni ile ekari ya karibu na kisima, na mavuno yajayo msindike kidogo wenyewe, mjaze chupa, mzilaze mahali pa baridi. Mchango wangu wa chupa na vizibo nitautoa, hilo nimeshaongea na mke wangu.

Sasa nijibu. Kaka yako mkubwa amesemaje hasa? Lile tangi la shemeji bado lipo, au ameliuza? Ile mizabibu ya kisimani ni nyekundu yote, au kuna nyeupe imechanganyika? Mama anasemaje? Na majembe yanaanza lini? Nipigie hata usiku, nipate kuomba ruhusa kazini nije tuongee na kaka zako ana kwa ana.

Wako,
Byaruhanga