Barua ya Wazi kwa Waziri Mwenye Dhamana ya Urithi wa Taifa: Madaftari ya Watu wa Frere Town

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa kitukuu wa mwanamke aliyeletwa Mombasa akiwa mtoto katika miaka ya 1870, baada ya jahazi lililombeba kukamatwa baharini na manowari ya Waingereza. Habari zake zilizosalia katika ukoo wetu ni chache mno: kwamba alikuwa Myao, kwamba alitembezwa kwa miguu hadi Kilwa pamoja na watu wengine wa kijiji chake, na kwamba jina aliloitwa na mama yake silo lile alilobatizwa nalo. Ombi langu kwako ni kwamba serikali ikusanye nakala za kumbukumbu zote zinazowahusu watu waliokombolewa utumwani na kuteremshwa Frere Town, kijiji kilichoanzishwa kwa ajili yao, na iziweke hapa Mombasa, mahali ambapo wajukuu na vitukuu wao wanaweza kuzifikia na kuzisoma.

Unajua, Mheshimiwa, kwamba baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, uliofunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari, manowari zilizidi kuyasaka majahazi, na likazuka swali la wapi wapelekwe wale waliokutwa ndani yake. Baadhi walikabidhiwa kwa wamisionari wa Unguja na wa Bagamoyo. Wengine waliletwa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ambako mwaka 1875 William Salter Price wa Church Missionary Society, chama cha wamisionari wa Kianglikana, alianzisha Frere Town, kijiji kilichopewa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyeshughulikia kukomesha biashara hiyo. Huko waliwakuta Waafrika waliokuwa wamekombolewa miaka mingi kabla yao na kusomeshwa karibu na Nashik, India. Miongoni mwa hao walikuwamo William Jones na Ishmael Semler, waliopewa daraja la ushemasi mwaka 1885 na Askofu Hannington. Jones na Semler wanajulikana kwa sababu walisoma, wakaandika na wakaandikwa. Mtoto wa kike aliyeshushwa chomboni bila ndugu hakuacha barua yoyote, nasi tunalazimika kumtafuta katika maandishi ya watu waliomhesabu.

Na kwa hakika walihesabiwa. Mabaharia wa manowari walikuwa na haki ya kudai tuzo ya pauni 5 kwa kila mtu waliyemkomboa, au tuzo iliyokadiriwa kwa ukubwa wa chombo, na madai hayo yalipitia kwa konseli wa Uingereza aliyekuwa hakimu wa mahakama ya bahari huko Unguja. Kwa hiyo tarehe ya kukamatwa jahazi, mahali lilipokamatwa, idadi ya wanaume, wanawake na watoto, vyote viliandikwa kwa uangalifu ambao watu wenyewe hawakupewa. Karatasi hizo leo ziko katika hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew. Barua na ripoti za wamisionari wa Frere Town ziko katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Mtu wa Kisauni, eneo la Mombasa ilipo Frere Town, anayetaka kumtafuta mama wa babu yake hana budi kuwa na nauli ya ndege, visa, na Kiingereza cha kusoma mwandiko wa karne ya 19. Ni wachache sana kati yetu wanaoweza.

Wako watakaosema kwamba hata tukizipata hatutaambulia majina. Nawaomba waangalie yaliyotokea kwa watoto wa Kioromo waliookolewa na manowari Osprey katika Bahari ya Shamu mwaka 1888. Walipelekwa Aden, na wamisionari wa Kiskoti waliowapokea katika mji wa Sheikh Othman, karibu na Aden, waliketi na watoto 64, mmoja baada ya mwingine, wakamuuliza kila mtoto jina lake, majina ya wazazi wake, kijiji chake, aliyemteka na njia aliyopitishwa. Mwaka 1890 watoto hao walihamishiwa Lovedale, Afrika Kusini. Mmoja wao, Bisho Jarsa, ndiye bibi yake Neville Alexander, mwanazuoni aliyefungwa miaka kumi katika kisiwa cha Robben. Familia zilizotokana na watoto hao zinaweza leo kusoma maneno yaliyoandikwa kutoka vinywani mwa wazee wao wenyewe, kwa sababu tu kuna mtu aliyeuliza na akaandika, na mwingine akahifadhi. Sisi wa Frere Town hatujapewa nafasi ya kujua kama wetu waliulizwa, wala walijibu nini.

Kikwazo kikubwa kwetu ni majina. Mtoto aliyefika akiitwa kwa jina la kwao alibatizwa akaitwa kwa jina la Biblia, au la mfadhili aliyekuwa akimlipia masomo kutoka Uingereza, na watu wengi wakawa na jina moja. Orodha itakayopangwa kwa majina ya ubatizo pekee itatufaa kidogo sana. Naomba, basi, faharasa itakayotengenezwa ibebe pia jina la asili pale lilipoandikwa, kabila, umri uliokadiriwa, jina la manowari na tarehe ya kushushwa, ili jina linapopotea, chombo au mwaka uweze kumwelekeza mtu kwa mzee wake. Hali kadhalika kwa watu wa Rabai, kituo kingine cha wamisionari karibu na Mombasa, ambako tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya elfu moja walipewa hati za uhuru, baada ya mabwana wao kulipwa fidia kupitia kampuni ya Imperial British East Africa. Hati zile ziligawiwa mtu kwa mtu, na huenda zimo majumbani mwa watu zikiwa zimekunjwa ndani ya masanduku.

Yapo pia madaftari ya ubatizo na ndoa ya makanisa ya kwetu. Haya siombi yahamishwe, maana makanisa yameyatunza kwa zaidi ya miaka mia moja na yana haki nayo. Naomba Makavazi ya Kitaifa yatume mafundi wayapige picha kabla unyevu wa pwani na mchwa hawajayamaliza, na wenye madaftari wabaki na madaftari yao. Serikali izungumze pia na ndugu zetu wa hifadhi ya nyaraka ya Zanzibar, kwa kuwa wengi walipita mikononi mwa konseli wa Unguja kabla ya kuvushwa hadi Mombasa.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na kifungu cha 11 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Kengele ya Frere Town ingalipo, na mtaa mzima unaitwa Kengeleni kwa sababu yake. Naamini majina ya watu waliokusanyika kwa mlio wake yanastahili hifadhi ileile.

Wazee wa Kisauni na Rabai wanaokumbuka majina ya asili ya nyanya zao wanazidi kupungua, na yale wanayoyakumbuka ndiyo yatakayomwezesha msomaji wa madaftari kutambua nani ni nani. Kwa sababu hiyo, naomba kazi ya kuwarekodi ianze mapema, hata kabla nakala za ng'ambo hazijafika. Familia yetu iko tayari kuwa ya kwanza.

Wako mtiifu,
Kitukuu wa mmoja wa watu wa Frere Town,
Kisauni, Mombasa